“Nikipata kapitali nitaanza”

Katika likelemba yetu ya hapa Kapalata tuko wamama 12. Mimi ndiye ninayeshika daftari, juu ya kuwa ni mwalimu, na watu wanafikiri mwalimu hakosei hesabu. Kila siku ya kukutana mmoja anapokea. Kabla ya kumpa, mama prezidenti anamwuliza kwa kucheka: “Utafanya nini na franka?” Nami naandika jibu pembeni ya jina lake. Hatukuwa na mpango wowote na majibu hayo. Ilikuwa mchezo tu wa kupitisha wakati kabla ya chai.

Mwezi uliopita daftari lilijaa, nikanunua lingine. Nilipokuwa ninahamisha majina nikasoma yale majibu toka mwanzo. Karibu kila mama aliwahi kusema “biashara”. Mmoja samaki wa chumvi. Mmoja malewa ya lituma kando ya barabara. Mmoja cherehani ya kushona nguo za watoto wa shule. Kuna aliyesema biashara mara tatu, kila zamu yake ilipofika, na mara zote tatu ni biashara ile ile. Na mimi pia niko humo, kwa mwandiko wangu mwenyewe: “mafuta ya mawese”.

Halafu nikahesabu walioanza kweli. Walikuwa 3.

Hapo usingizi ulinitoka. Sababu sisi wote tuna jibu moja tayari mdomoni: “Nikipata kapitali nitaanza.” Lakini kapitali ilipatikana! Kila mmoja alipokea kiasi kile kile, mkononi, mbele ya wenzake, na mwenye daftari aliona. Tisa kati yetu walipokea, wakasema, hawakuanza. Sisemi umasikini ni uongo. Mtoto akipata homa siku ile ya likelemba, zile franka zinakwenda kwenye dawa, na hakuna wa kumlaumu mama. Lakini mara tatu mfululizo? Na yule wa samaki, ambaye ana watoto wengi kuliko sisi wote, alianzaje?

Basi nikaanza kuzunguka kwao jioni, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi, kuuliza. Ninayoandika hapa yametoka kwenye mazungumzo hayo, na kwenye vitabu vichache nilivyosoma wakati niko kwenye masomo ya ualimu, na kwangu mwenyewe, maana nami ni mmoja wa wale tisa. Au nilikuwa. Nitaeleza.

Nianze na mama wa samaki. Nilimwuliza alipata wapi nguvu ya kuanza. Akanishangaa, kama vile nimemwuliza alijifunza wapi kutembea. “Mwalimu, mimi nilikulia chini ya meza ya samaki.” Mama yake mdogo aliuza samaki sokoni, na yeye akiwa msichana alibeba beseni, akafukuza inzi, akahesabu noti. Alijua nani anauza kwa jumla na nani anadanganya kwenye kilo. Alijua kwamba siku ya kwanza hautauza, na siku ya pili pia, na kwamba hiyo si alama ya laana. Likelemba ilipomfikia hakuwa na kitu cha kuwaza. Alikwenda kununua.

Kwenye masomo tulifundishwa juu ya mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeandika mwaka 1977 jinsi mtu anavyopata imani kwamba “mimi ninaweza”. Sisi tulijifunza hayo kwa ajili ya watoto na hesabu, hakuna aliyetutajia biashara. Lakini ni jambo lile lile. Bandura alisema imani hiyo inatoka kwanza kwenye kazi uliyowahi kuifanya ikafaulu, kisha kwenye kumwona mwingine akiifanya, kisha kwenye maneno ya watu wanaokutia moyo, na pia kwenye hali ya mwili wako, kama moyo unadunda kwa hofu au umetulia. Juu ya kumwona mwingine kuna kitu kimoja cha kushika: huyo mwingine anatakiwa kuwa mtu kama wewe. Mwanamke tajiri wa Kinshasa anayeonyeshwa kwenye televisheni na gari lake hakupi imani hiyo. Unamtazama, unasema “huyo ana watu wake”, unaendelea kumenya mihogo. Lakini mama wa nyumba ya tatu toka kwako, ambaye paa lake linavuja kama lako, huyo akianza, kitu kinatikisika ndani yako.

Na mji wetu haukukosa watu wa kutazama. Mwaka 1979 na 1980 mtafiti mmoja, Janet MacGaffey, alikaa hapa Kisangani kuchunguza wafanyabiashara wenyeji, na kitabu chake kilitoka mwaka 1987. Ni nyakati za Zaire, miaka michache baada ya serikali kuchukua maduka na mashamba ya wageni mwaka 1973 na kuyagawa, na wengi waliopewa walikuwa wanaume wenye majina makubwa. Lakini aliwakuta pia wanawake wa Kisangani ambao hawakupewa kitu na walifanya biashara kubwa: kukusanya mchele, maharage na samaki, kupakia kwenye mashua, kushuka nazo hadi Kinshasa, kilometa zaidi ya 1.700 za mto, na kurudi na bidhaa za kuuza hapa. Wengine walifikia kuuza kwa jumla. Niliposoma hayo nilimkumbuka koko yangu, mzaa mama, aliyekuwa akisema “wakati wa mashua” kama vile wengine wanavyosema “wakati wa Mobutu”. Sikuwahi kumwuliza alipakia nini. Nilifikiri ni hadithi za wazee.

Halafu vita ikaja, mto ukafungwa kwa miaka, na mwezi wa 6 mwaka 2000 majeshi mawili ya wageni yakapigana ndani ya mji siku sita. Mimi nilikuwa mtoto. Ninakumbuka chini ya kitanda, na ninakumbuka kwamba kisha hapo mama ndiye aliyetoka kwanza kutafuta kitu cha kuuza, maana kazi ya baba ilikuwa haina mshahara tena. Nyumba nyingi za hapa zina hadithi ya namna hiyo. Kwa hiyo msiniambie mwanamke wa Kisangani hana roho ya biashara. Anayo. Ila aliianza kwa kusukumwa na njaa, na watoto wake, yaani sisi, tuliona njaa zaidi kuliko tulivyoona biashara. Ukimwuliza msichana wa leo kama anataka kuuza sokoni, anaona jua, vumbi na mtu wa taksi. Haoni hesabu ya mama yake.

Nililipima darasani. Niliwaambia watoto wa mwaka wa sita waandike wanachotaka kufanya wakiwa wakubwa. Wavulana kadhaa waliandika “komersa”, mmoja hata aliongeza idadi ya malori. Wasichana waliandika daktari, mwalimu, masista, mke wa mchungaji. Hakuna hata mmoja aliyeandika biashara. Na mimi ninajua mama zao, ninajua meza zao, ninajua kwamba ile kalamu waliyoandikia imenunuliwa na pondu.

Tuseme juu ya pondu, basi. Kwenye avenue yetu kuna meza tano za pondu. Zinatazamana. Wenye kuuza ni marafiki, wanaazimana chumvi, na jioni kila mmoja anarudi na kile ambacho hakikuuzwa. Nilimwuliza mmoja kwa nini alichagua pondu. “Ndiyo ninayoijua, na ndiyo wamama wanauza.” Hilo ndilo jibu la kweli kuliko yote niliyopata, na linaeleza kwa nini nia zetu, hata zikianza, zinaangukia mahali pamoja palipojaa.

Watafiti wa Benki ya Dunia walikwenda Katwe, mtaa wa Kampala, Uganda, unaojulikana kwa mafundi wa vyuma. Walitaka kujua juu ya wanawake waliovuka wakaingia kazi ambazo watu wanasema ni za wanaume, kama kuchomelea milango na kutengeneza vitu vya umeme. Walikuta kwamba wanawake hao walipata faida sawa na wanaume, na karibu mara tatu ya wanawake waliobaki kwenye kazi za kike. Kilichowavusha ni nini? Mara nyingi haikuwa shule wala mkopo. Kulikuwa na mtu, mara nyingi mwanaume, baba au kaka au rafiki, aliyekuwa tayari ndani ya kazi ile, akawaonyesha mlango na kuwaambia ndani kuna faida gani. Wale wengine waliobaki kwenye kazi za kike, wengi hawakujua hata kwamba wanapata kidogo kuliko wenzao.

Nilipowaeleza hayo wamama kwenye kikao, mmoja alicheka hadi machozi: “Mimi nichomelee milango? Na kitenge hiki?” Sawa. Lakini nikauliza nani ana kaka au shemeji anayetengeneza simu. Mikono mitatu. Nani ana mtu anayeuza vipande vya baiskeli kwa wenye toleka? Miwili. Nani aliwahi kumwuliza anapata kiasi gani kwa siku? Kimya. Tunawapikia watu hawa, tunafua nguo zao zenye grisi, hatujui kazi yao inaleta nini.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kila niliyemtembelea alilishusha sauti kwanza, akatazama mlango, kisha akalisema. Bwana.

Mama wa cherehani, yule aliyesema biashara mara tatu, aliniambia: “Bwana yangu atakataa.” Nikamwuliza alipomwambia alikataa kwa maneno gani. “Sikumwambia. Ninamjua.” Miaka yote hiyo ya nia, na swali lenyewe halijatoka mdomoni. Msimcheke. Mtaalamu Icek Ajzen aliandika mwaka 1991 kwamba nia ya mtu inabebwa na mambo matatu: kama anakipenda kile kitu, kama anaona anakiweza, na kile anachofikiri watu wake wa karibu watasema. Angalieni hilo la tatu: anachofikiri watasema. Neno ambalo halijasemwa linaweza kumzuia mtu sawasawa na neno lililosemwa.

Na hofu hiyo haikuanguka toka mbinguni, ilikuwa imeandikwa kwenye sheria. Kodi ya familia ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 1987, katika kifungu cha 448, ilisema mwanamke aliyeolewa lazima apate ruhusa ya bwana yake kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kufanya kazi fulani yeye mwenyewe. Mama zetu walikuwa wakiombwa karatasi ya bwana hata kwa kufungua konti ya banki. MacGaffey aliona hapa Kisangani kwamba wanawake wengine waliofaulu walikwepa ndoa rasmi, kwa kuogopa mali yao isiwe chini ya mkono wa bwana. Fikiri bei hiyo: kuchagua kati ya ndoa na meza yako.

Lakini sheria hiyo imebadilika, na wamama wengi hawajui. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 iliondoa ruhusa ya bwana. Kifungu kile kile cha 448 sasa kinasema bwana na bibi wanapaswa kupatana, wote wawili, kwa matendo yanayowafunga, na wakishindwa kabisa kupatana, yule anayeumia anaweza kwenda mbele ya tribinali. Ni kweli kwamba sheria bado inamwita bwana kichwa cha nyumba, hilo halikuondolewa. Lakini kati ya “kuomba ruhusa” na “kupatana” kuna umbali, na umbali huo ni wetu. Mtu akikuambia leo kwamba bila karatasi ya bwana huwezi kufungua konti, anakusomea sheria iliyokufa.

Tena, kwa mama anayeanza kidogo: tangu mwezi wa 9 mwaka 2012 nchi yetu iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Sheria hiyo inamkubali mfanyabiashara mdogo anayefanya kazi peke yake ajitangaze tu kwenye greffe, bila gharama na bila kuandikishwa kwenye rejista kubwa ya makampuni. Hilo halikuondolei taksi ya soko wala patente, usinielewe vibaya. Lakini linakupa karatasi yenye jina lako.

Mimi sina hakika kwamba mama wa cherehani atakwenda kumsomea bwana yake kifungu cha 448 akiwa anakula. Singependa afanye hivyo. Nilimwambia tu swali lake liulizwe, maana nia yake ilikuwa imekaa kizuizini kwa kosa ambalo bwana hajalitenda bado.

Kuna wengine ambao bwana alikubali, hata akaongeza franka, na bado hawakuanza au walianza wakaanguka. Hapa niseme yangu.

Mimi nilikuwa na nia ya mafuta ya mawese kwa miaka mitatu kabla ya kununua bidoni ya kwanza. Nilikuwa na bwana anayekubali, na mshahara, hata kama ni mdogo na wakati mwingine unachelewa. Kilichonizuia ni haya. Niliona jinsi wazazi wa wanafunzi watakavyopita na kusema, tazama mwalimu, diploma yake imeishia kwenye bidoni. Niliwahi kufikiria kuuza mikate asubuhi, nikaacha siku ile ile niliposikia mwenzangu kwenye chumba cha walimu akimcheka mwalimu wa shule nyingine aliyeonekana sokoni. Mama ambaye hakusoma hakuwa na mzigo huo. Ninasema hivyo kwa uchungu, sababu mimi ndiye ninayewaambia wasichana kwamba masomo yatawafungulia milango, na mlango huu masomo yaliniwekea kufuli.

Mwishowe nilinunua bidoni mbili za litri 20. Niliuza nyumbani, kwa chupa, kwa jirani. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Wiki ya pili walimu wenzangu walichukua kwa deni hadi mshahara. Kisha kukatokea kilio upande wa bwana, na mtu wa familia akaja na maneno ambayo ninyi wote mnayajua: “Wewe sasa unafanya biashara.” Wiki tatu zilizopita nilikuwa mwalimu masikini, hakuna aliyeniomba kitu. Sasa nilikuwa na bidoni zinazoonekana toka barabarani. Nilitoa. Nikatoa tena kwa ajili ya minerval ya mpwa. Mwezi wa pili haukwisha, kapitali ilikuwa imeliwa, na aliyeila si adui, ni watu wangu.

Kwa muda mrefu nilijiona mjinga. Kisha nikasoma juu ya jaribio lililofanywa na watafiti Pamela Jakiela na Owen Ozier katika vijiji vya magharibi mwa Kenya. Waliwapa watu franka, yaani shilingi zao, wakachague kiasi cha kuwekeza katika mchezo. Wengine waliambiwa kwamba faida yao itatangazwa mbele ya watu. Wanawake walioambiwa hivyo, hasa wale ambao ndugu zao walikuwa pale pale, walichagua kuwekeza kidogo ili ukubwa wa walichopewa usijulikane, hata kama kufanya hivyo kuliwapunguzia mapato. Walikubali kupata kidogo, mradi kisionekane. Basi nikaelewa kwamba si mimi peke yangu. Mwanamke anapokaa na nia yake bila kuanza, wakati mwingine amefanya hesabu nzuri kabisa: “Nikianza, nitaonekana. Nikionekana, nitaombwa. Nitavuja jasho, na franka hazitakaa.” Huyo huwezi kumwita mvivu.

Nchini Uganda mtafiti Emma Riley alifuata wanawake karibu 3.000 waliokopa kwa ajili ya biashara. Wengine walipewa mkopo mkononi kama kawaida, wengine uliwekwa kwenye simu, kwenye konti ya peke yake kwa ajili ya biashara. Baada ya miezi 8 wale wa simu walikuwa na faida kubwa zaidi kwa asilimia 15 hivi. Mkopo ni ule ule. Tofauti ni mahali franka zinapolala. Mkononi zinaonekana na zinaombwa. Kwenye simu, mama ana dakika ya kupumua na kusema, kwa ukweli, “hapa sina”.

Mimi nilianza tena mwaka jana, bidoni moja tu. Bidoni inakaa kwa rafiki aliye na meza tayari, tunagawana, na faida yangu inakwenda kwenye namba ya pili ya simu ambayo ninatumia kwa mafuta tu. Bwana anaijua. Familia nyingine haijui. Kama kuna anayesoma hapa, basi sasa anajua, na tutaonana kwenye kilio kijacho. Kwa deni ninauza kwa mtu mmoja tu, na huyo ni mama wa samaki, maana nami ninachukua samaki kwake kwa deni.

Neno dogo juu ya mafunzo, kwa sababu kila mradi unaopita hapa unatuletea semina yenye kalamu na soda. Sizikatai. Lakini mjini Lomé, Togo, watafiti waliwagawa wenye biashara ndogo 1.500 kwa mafungu. Fungu moja lilifundishwa mambo ya kawaida: vitabu vya hesabu, masoko, usimamizi. Fungu lingine lilifundishwa kujituma: kutazama mbele, kutafuta nafasi ambayo wengine hawajaiona, kuinuka baada ya kuanguka. La tatu halikufundishwa kitu. Kwa muda wa zaidi ya miaka 2 faida za wale wa kujituma zilipanda kwa asilimia 30, na za wanawake kati yao kwa asilimia 40. Wale wa hesabu za kawaida, ongezeko lao lilikuwa dogo mno kuweza kusema kwa hakika ni la mafunzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Mimi mwalimu wa hesabu sikufurahi kusoma hayo, lakini niliyasoma mara mbili. Kwa hiyo semina ikija tena, tuwaulize wenye kuileta watatufundisha lipi kati ya hayo mawili.

Jumapili iliyopita tulikubaliana jambo moja kwenye likelemba. Mama akisema “biashara”, hatapewa makofi tu. Ndani ya wiki mbili kabla ya zamu yake atakwenda kukaa siku nzima na mtu anayefanya kazi ile ile, amsaidie, ahesabu naye jioni. Mama wa samaki amekubali kupokea mtu. Aliyetaka malewa ya lituma ameshakwenda siku moja kwa mama mmoja upande wa Mangobo, akarudi na mikono yenye malengelenge ya kutwanga ndizi, na akasema hapana, hiyo si kazi yake, anataka kuangalia kitu kingine. Nikaandika pia hilo kwenye daftari jipya. Amejua kabla ya kula kapitali.

Na mama wa cherehani aliuliza. Alingoja bwana ashibe, akasema maneno yote kwa mara moja bila kupumua, ndivyo alivyonieleza. Bwana alikaa kimya muda mrefu, hadi yeye akaanza kukusanya sahani. Kisha akauliza: “Na hiyo mashine, utaiweka wapi? Hapa sebuleni kuna giza.” Zamu yake ni mwezi ujao. Anatafuta nafasi yenye dirisha, karibu na shule kama inawezekana, na anayejua moja ya bei nafuu amwambie, au aje kwangu, jioni, baada ya saa kumi.